Jibu la fundi: Vitz yangu imetoka yadi, mbona taa ya bluu haizimiki?

"Habari za kazi, fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Mbeya. Mwezi uliopita nimenunua gari langu la kwanza, Vitz ya 2008, cc 990, kutoka yadi moja Dar es Salaam. Limetoka Japan, dashibodi inasoma kilomita 61,400. Tulikuja nalo mimi na kaka yangu kwa siku mbili, na kupanda Kitonga halikuchemsha, nikafurahi. Lakini tangu nifike huku kuna taa ya bluu yenye alama kama ya kipimajoto. Nikiwasha asubuhi inawaka, na haizimi mpaka nakaribia shuleni, kilomita 9. Juzi nateremka Iwambi ikawaka tena. Fundi wa mtaani kwetu anasema ni dalili nzuri, injini haipati joto. Anashauri pia niweke oili nzito, 20W-50, kwa sababu iliyomo ni ya nchi ya baridi, na aniongezee haidroliki kwenye gia boksi. Kaka naye anasema gari jipya lisipite spidi 80 mpaka limalize kilomita 1,000. Likisimama kwenye foleni linatetemeka kidogo. Kwenye fremu ya mlango kuna kibandiko cha Kijapani chenye namba 30, 9, 12 na 58,200. Na kila nikiwasha kuna dada anaongea Kijapani. Nianzie wapi?"

Mwalimu, hongera sana kwa gari. Nianze na taa ya bluu, kwa sababu naona ndiyo imebeba karibu yote uliyouliza, hata suala la oili.

Vitz ya umri huo haina mshale wa joto. Ina taa mbili tu: ya bluu inasema injini bado ni ya baridi, nyekundu inasema imezidi joto. Zote zikizima, endesha. Ya bluu kuwaka asubuhi ni kawaida kabisa, na kwa Mbeya ya Juni na Julai, ambako watoto wanafika shule wanatoa moshi mdomoni, inaweza kukaa dakika kadhaa. Ila kilomita 9 ni nyingi mno. Na hiyo ya kuwaka tena Iwambi, injini ikiwa imeshapata moto, ndiyo iliyonifanya nisome barua yako mara ya pili. Injini iliyokwisha kupata joto lake haitakiwi kurudi kwenye ubaridi ikiwa bado inazunguka. Fundi wako anisamehe, lakini hiyo si dalili nzuri. Nikitakiwa nibahatishe bila kuliona gari, nitasema halina thamostati.

Thamostati ni kidude kinachoenea kiganjani. Kinakaa kwenye njia ambayo maji ya rejeta hupita kuingia au kutoka kwenye injini, na ndani yake kuna nta. Injini ikiwa ya baridi nta imeganda na mlango umefungwa; maji yanazunguka ndani ya injini peke yake, hayaendi kwenye rejeta, kwa hiyo yanapata joto upesi. Yakifika kwenye nyuzi 82 hivi (namba halisi imegongwa kwenye kidude chenyewe) nta inayeyuka, inatanuka, inasukuma kipini na mlango unafunguka. Yakipoa kupita kiasi, nta inaganda na springi inaurudisha mlango. Unafunguka robo, nusu, unarudi kidogo, siku nzima hivyo hivyo. Haina waya wala kompyuta. Mimi ni mtu wa magari kwa miaka mingi na bado naona ni moja ya vitu vilivyobuniwa kwa akili zaidi chini ya boneti.

Kwa nini basi mafundi wetu wanaitoa? Ilianza na magari yaliyokuwa yanatiwa maji ya bomba mwaka hadi mwaka. Rejeta imejaa kutu na chokaa, gari linachemsha. Na thamostati nayo mara nyingine inakwama ikiwa imefungwa. Fundi akaona njia ya mkato: ng'oa mlango, maji yapite muda wote. Siku ile gari likaacha kuchemsha na mteja akashukuru. Maelezo yaliyozoeleka baadaye ni kwamba thamostati ni ya nchi za baridi, huku kwetu joto lipo la kutosha. Yanaingia akilini haraka, lakini yanachanganya joto la nje na joto la ndani. Petroli ikiripuka ndani ya silinda hupita nyuzi 2,000. Nje kukiwa na nyuzi 8 za Mbeya au 33 za Dar, kwa chuma kile tofauti ni ndogo sana. Anayeamua joto la injini ni huo mlango wa nta, na uliwekwa hapo ili gari lililoko Hokkaido kwenye theluji na lililoko Kariakoo mchana wa Februari yafanye kazi kwenye joto lile lile. Shika hilo, maana ndilo litakalotujibia suala la oili pia.

Injini inayofanya kazi ikiwa ya baridi haifi leo wala kesho, na ndiyo maana watu hawaamini kwamba inaumia. Kompyuta ya gari inasoma sensa ya maji, inaona ubaridi, inadhani gari ndiyo kwanza limewashwa, inaongeza petroli. Hiyo utaiona kwenye pochi. Petroli isiyoungua yote inateremka kwenye kuta za silinda, inaosha ule utando wa oili unaolinda ringi za pistoni, inafika kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, na kuchanganyika na oili. Unyevu ambao ungefukuzwa na joto unabaki humo, na taratibu oili inakuwa tope. Baada ya miaka kadhaa injini inaanza kula oili, na hapo hakuna tena anayeikumbuka thamostati.

Tena kuna kituko kingine. Kwenye injini nyingi za Toyota thamostati ina sahani ya pili kwa nyuma: mlango mkuu ukifunguka, sahani hiyo inaziba ile njia ya mkato inayorudisha maji ndani ya injini. Ukiing'oa thamostati, njia ya mkato inabaki wazi na sehemu ya maji inazunguka bila kuiona rejeta. Ndipo unapata gari ambalo barabara kuu ni la baridi kama lako, na kwenye foleni ya Mwanjelwa saa nane mchana linachemka.

Hata hivyo usikimbilie dukani bado, kwa sababu nimebahatisha. Thamostati inaweza kuwepo ila imekwama ikiwa wazi, au sensa ya joto inadanganya. Kipimo cha kwanza fanya mwenyewe asubuhi kabla gari halijawashwa. Fungua boneti, tafuta mipira miwili minene inayoingia kwenye rejeta, mmoja juu na mmoja chini. Washa gari, liache likiwa limesimama, kila dakika gusa mipira hiyo kwa tahadhari. Kaa mbali na feni, ni ya umeme na inaweza kuanza bila kukuaga. Mtandio na nguo zinazoning'inia ziache ndani. Kama thamostati ipo na ni nzima, mpira mmojawapo utabaki wa baridi kwa muda mrefu, kisha ndani ya dakika moja au mbili utapata joto ghafla. Kama yote miwili inapata uvuguvugu pamoja, polepole, tangu mwanzo, hakuna mlinzi mlangoni.

Baada ya hapo mwambie fundi afungue kifuniko cha thamostati. Ni boliti mbili au tatu, na injini iwe imepoa kabisa. Msimamie aangalie ndani mbele yako. Ikiwemo, ichukue nyumbani, ifunge uzi, ining'inize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto isiguse chini, uwashe jiko. Karibu na ile namba iliyogongwa utaona mlango unaanza kupumua. Wanafunzi wako wa fizikia watakushukuru kwa somo hilo. Ikifunguka mapema sana, au ikiwa wazi tangu maji ya baridi, nunua nyingine, na ununue pamoja na raba yake. Bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na kufungua silinda hedi.

Sasa neno ambalo sipendi kumwambia mtu mwenye gari jipya. Ukikuta thamostati imetolewa, jiulize ilitolewa kwa nini. Kwenye gari la Japan la 2008 si desturi kuondoka huko bila thamostati; kuna uwezekano mkubwa ilitolewa baada ya kushuka meli. Pengine ni mazoea tu ya fundi wa yadi. Pengine pia gari lilikuwa linachemsha na mtu akalificha. Kwa hiyo siku utakayorudisha thamostati ndiyo siku ya kulipima gari, usiondoke nalo kwenda safari. Rejeta isafishwe, maji yaliyomo yamwagwe yote, itiwe kulanti sahihi (ile dawa ya rangi inayochanganywa na maji ya rejeta), hewa itolewe. Kisha gari lisimame likiunguruma, na AC ikiwa imezimwa, mpaka feni ya rejeta iwake yenyewe na kuzima yenyewe walau mara mbili. Kama haiwaki, umempata mchawi: feni, rilei au waya wake. Feni ikiwa nzima, lipandishe mlima unaoujua, rudi nyumbani, na kesho yake asubuhi angalia kama kulanti imepungua kwenye kopo.

Mambo matatu yakitokea acha kuendesha na utafute fundi mwenye vipimo, si wa kukisia: kopo la kulanti linatoa mapovu mfululizo injini ikizunguka, kulanti inapungua bila kuonekana inakovuja, au bomba la moshi linatoa moshi mweupe mzito hata injini ikishapata moto. Hizo ni dalili za kuharibika kwa gasketi ya silinda hedi, kile kizibo kati ya injini na kichwa chake, na kuna kipimo cha kemikali cha kugundua gesi ya moshi kwenye rejeta, pamoja na kipimo cha kompresheni. Ukikuta povu jeupe kama maziwa chini ya kifuniko cha oili, usipige yowe mara moja. Kwenye injini isiyopata joto hilo linaweza kuwa unyevu wa kawaida tu. Chomoa kijiti cha oili: kama oili yenyewe kwenye kijiti ina rangi ya chai ya maziwa, hapo ndipo pa kuogopa. Ikithibitika ni gasketi, rudi kwenye mkataba wako na yadi kabla hujafungua chochote, maana ukishafungua watasema wewe ndiye uliyeharibu.

Na kulanti si anasa. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji ya kawaida kwako yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95, si 100. Maharage yako yanakuambia hilo kila siku, yanavyochukua muda kuiva kuliko ya Dar. Kinachozuia maji ya rejeta yasichemke ni vitu viwili: mfuniko wa rejeta, ambao una springi ya kuyabana yawe chini ya presha, na kulanti. Mfuniko mzima pamoja na kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa madini hupandisha kiwango cha kuchemka hadi zaidi ya nyuzi 120. Mfuniko wenye raba iliyokatika na maji ya bomba unakurudisha kwenye 95, jirani kabisa na joto ambalo injini hufanyia kazi. Usichanganye kulanti ya kijani na ya pinki ya Toyota. Baadhi zikikutana hufanya uji. Mfuniko, Mwalimu, haufunguliwi injini ikiwa ya moto, hata kama aliyekuambia ni fundi. Nimeona mikono na nyuso zilizoungua kwa hilo.

Oili sasa. Umeshaona jibu: kama joto la ndani ya injini linaamuliwa na thamostati, basi hoja ya "oili ya nchi ya baridi" inaanguka. Injini yako ya silinda tatu ilitengenezwa kwa oili nyepesi, 5W-30 au nyepesi kuliko hiyo. Vijia vyake vya oili ni vyembamba, na mfumo wa VVT-i unaozungusha kemshafti, shafti inayofungua valvu, kidogo mbele au nyuma unaendeshwa na presha ya oili hiyo hiyo. Namba ya kwanza, ile ya kabla ya W, inasema oili inavyotiririka ikiwa ya baridi. 20W asubuhi ya Mbeya inachelewa kufika juu, na sekunde zile za kwanza injini inasuguana chuma kwa chuma. 20W-50 ina mahali pake, kwenye injini kuukuu zilizolegea ambazo mwenye nazo anasubiri pesa ya kuzifungua. Yako haijafika huko, na kama imefika, oili nzito itakuficha tu usijue.

Jambo dogo ambalo mafundi wengi hulipita: injini hiyo inachukua oili lita 3 na ushee pamoja na filta. Galoni ya dukani ni lita 4. Fundi anamimina yote kwa sababu umeshanunua. Oili ikizidi, kirenkishafti, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, inaipiga kama mtu anayepiga mayai, inajaa mapovu, na pampu inasukuma mapovu badala ya oili. Mwambie amimine tatu, asubiri, asome kijiti gari likiwa mahali tambarare, aongeze kidogo kidogo. Iliyobaki rudi nayo nyumbani, ndiyo ya kujazia. Badilisha sasa hivi pamoja na filta, kwa sababu hujui iliyomo ni ya lini, na baada ya hapo kila kilomita 5,000. Ukirudisha thamostati, badilisha oili baada ya kazi hiyo, si kabla.

Kwenye gia boksi nakuomba uwe mkali. Vitz nyingi za cc 990 zina gia boksi ya CVT. Haina gia za meno za kupanda na kushuka. Ina magurudumu mawili yanayotanuka na kusinyaa, na mkanda wa chuma kati yake. Mkanda haushikwi na kitu kingine isipokuwa msuguano wa chuma na chuma chini ya presha kubwa, na oili ya CVT imetengenezwa ilainishe bila kuruhusu mkanda uteleze. Haidroliki ya kawaida, ile nyekundu ya gia boksi za otomatiki za zamani, ilitengenezewa klachi. Ukiitia kwenye CVT, gari litaondoka gereji vizuri. Ndiyo hatari yake. Mkanda unateleza kidogo kidogo, unakwaruza magurudumu, vumbi la chuma linaingia kwenye valvu. Mimi mwenyewe niliwahi kufanya kosa hilo enzi CVT zilipoanza kuingia nchini, kwenye gereji niliyokuwa kijana wa kazi. Gari lilirudi baada ya miezi michache likivuma kama trekta, na mwenye gari hakuwahi kujua kwamba sisi ndio tulioliua.

Kwa hiyo: kwanza hakikisha lina CVT. Ukikanyaga mafuta na mshale wa mzunguko au sauti ya injini inapanda na kutulia mahali pamoja huku spidi ikiongezeka, bila kusikia gia inabadilika, ni CVT. Pili, soma maandishi kwenye kijiti cha gia boksi kama kipo, au kwenye kitabu cha gari. Toyota huandika jina la oili: T-IV na WS ni za otomatiki ya kawaida, TC na FE ni za CVT. Nunua iliyoandikwa hapo, duka unaloliamini. Ukiimwaga mara moja unatoa kama nusu tu, nyingine inabaki ndani. Kwa gari usilojua historia yake mimi humwaga na kujaza, gari litembee kilomita 1,000, nirudie. Kuna wanaosema ukigusa oili ya gia boksi ya zamani gari linakufa. Wana ukweli kidogo: gia boksi iliyokwisha kuchoka, oili nyeusi yenye harufu ya kuungua, haifufuliwi na oili mpya, na mara nyingine inazimika wiki hiyo hiyo. Lako kama halivumi, halishtuki ukiweka R, na halisiti ukiondoka, badilisha bila hofu. Likifanya mojawapo ya hayo, mpelekee mtu anayefungua CVT mara kwa mara kabla hujamwaga chochote. Na yeyote atakayetaka kukujazia haidroliki ya usukani, mshukuru umwage kicheko: usukani wa Vitz hiyo unasaidiwa na mota ya umeme, hauna haidroliki hata tone.

Ushauri wa kaka yako wa spidi 80 ulikuwa wa kweli kwa gari lililotoka kiwandani, ambalo ringi na silinda zake bado hazijazoeana. Lako limezoeana tangu 2008. Mheshimu kaka, lakini hilo lisikusumbue. Nitakachochukua kwake ni ile roho ya kwenda pole mwezi wa kwanza, kwa sababu bado unajifunza breki za gari, nalo halijakuonyesha tabia zake zote. Ukiteremka Iwambi weka herufi iliyo chini ya D, iwe S au B, injini ikusaidie kushika. Na oili ya breki ibadilishwe, kwa kuwa hunyonya unyevu kadiri miaka inavyokwenda, na kwenye mteremko mrefu unyevu huo ukichemka kanyagio linazama hadi chini.

Mtetemo wa kwenye foleni: silinda ziko tatu, hazijisawazishi kama nne. Kidogo ni tabia yake. Ukiwa mkali hadi kioo cha ndani kinacheza, angalia maunti (raba zinazoshikilia injini) na plagi. Taa ya njano ya injini ikiwaka kwa kupepesa, silinda moja haiungui vizuri. Simama, usiendelee hadi ufike.

Kibandiko chako ni hazina. Wajapani huhesabu miaka kwa utawala wa mfalme. Enzi ya Heisei iliisha Aprili 2019; ili kupata mwaka wetu unajumlisha 1988. Kwa hiyo 30, 9, 12 ni tarehe 12 Septemba 2018, na 58,200 ni kilomita za kumwaga oili. Elekeza kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri uone kama kibandiko kinasema iliyofanyika au inayofuata, maana vingine huandika kilomita za sevisi ijayo. Sasa piga hesabu. Dar hadi kwako ni kama kilomita 830, ongeza za mwezi mzima wa shule. Gari liliondoka Japan na kilomita kama 60,000. Kama lilisafirishwa 2019, inaingia akilini kabisa. Kama lilisafirishwa miaka minne mitano baadaye, ama mwenyewe alikuwa mzee wa kwenda sokoni tu, ama kuna mkono uliozirudisha kilomita. Omba yadi nakala ya cheti cha kusafirisha gari kutoka Japan. Mara nyingi huandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa mwisho. Hata zikiwa zimerudishwa, matengenezo yako ni yale yale. Utajua tu ulilipia nini.

Tairi zisome ubavuni. Tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT ni wiki na mwaka: 3516 ni wiki ya 35 ya 2016. Tairi za zamani hivyo zinaweza kuwa na meno marefu na bado zikapasuka. Ukiona neno STUDLESS, hizo ni za theluji. Raba yake laini haitamaliza msimu kwenye lami yetu, na kwenye mvua zinateleza. Upepo usome kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Umeandikwa kwa kPa, gawanya kwa 6.9 upate psi ya mpimaji wa sheli.

Ratiba yako basi: Jumamosi asubuhi mipira ya rejeta, kabla ya chai. Jibu la hapo ndilo litakaloamua fundi unamlipa kwa lipi kwanza, na gia boksi mwambie asiiguse hadi umekuja na chupa yenye jina sahihi.

Na yule dada. Anakuambia kadi ya ETC haijaingizwa. Ni kifaa cha kulipia barabara kuu za Japan, kimefichwa karibu na usukani au kwenye boksi la mbele ya abiria. Kina waya unaochomolewa na haathiriki kitu kingine. Nina mteja ambaye nilimchomolea, akarudi baada ya wiki akaniomba nimrudishe. Alisema gari limekuwa kimya mno.